Kebo Alizofunga Baba

Jumatatu, 6 Januari 2003

Kebo mbili tu leo, na vidole vinaniuma. Kuta za nyumba hii ni mawe na chokaa, nene kama mkono mzima, na za Mji Mkongwe hazitobolewi ovyo. Kwa hivyo kila kebo inapita juu ya mlango, inazunguka ukumbi, inapanda ngazi, ndiyo ifike chumba cha juu. Kompyuta saba chini, saba ghorofani. Chuo kinaiita maabara ya mitandao. Kwa sasa ni vumbi.

Wanafunzi ishirini na wawili wamesoma mtandao mwaka mzima kwa kuchora ubaoni. Hakuna aliyewahi kushika kebo. Mmoja alinichorea swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, ina miguu minne. Nikacheka, halafu nikaona haya, maana mwalimu wake ni mimi.

Mtihani wa vitendo tarehe 24 Februari. Mtahini anatoka Dar. Mkuu wa idara, Bwana Seif, amesema maabara isipokuwa tayari siku hiyo, vyumba vinachukuliwa na watu wa hesabu za biashara na sisi tunarudi ubaoni. Alisema huku anaiweka sawa tai yake. Joto hili, na tai.

Niko peke yangu. Sitawahi.

Jumatano, 8 Januari

Baba hakula tena. Wali umerudi jikoni kama ulivyokwenda.

Tangu Mama afariki, mwaka juzi, kiti chake ni kimoja tu, cha dirishani. Anaangalia ukuta wa jirani. Sukari imempanda, miguu imevimba, viatu havimwingii. Mtu aliyeunga kebo za simu miaka thelathini, hakuna kichochoro mjini ambacho hakukifukua, leo simu ikilia humu ndani haipokei.

Nimemkasirikia. Nimemwambia kama hataki kula basi nitampeleka Bwejuu kwa shangazi akalishwe kwa kijiko. Akasema, nipeleke. Hakunitazama. Nimeona aibu siku nzima.

Nyumba nzima imefungwa kwa waya wake. Chandarua changu kimening'inia kwa waya wa simu, wa kahawia. Kifuniko cha sufuria kina mkono wa waya. Miwani ya Mama, iliyo kabatini mpaka leo, mguu mmoja umeshikwa kwa waya wa kijani. Hakuwahi kutupa hata shibiri moja ya waya. Mtaa wetu mzima wa Kikwajuni wanajua: ukiokota kipande, mpelekee Mzee Khamis.

Jumamosi, 11 Januari

Nimepata wazo na limefanya kazi. Naandika kabla halijaharibika.

Nilileta nyumbani kipande cha kebo, nikakiweka mezani karibu yake, sikusema kitu, nikaenda kupika chai. Niliporudi alikuwa ameshaimenya ncha kwa ukucha. Waya nane zimenyooka mezani, mbilimbili, kila waya na mwenzake aliyesukwa naye. "Bluu, chungwa, kijani, kahawia," alikuwa anahesabu. Mpangilio ule ule alionifundisha kabla sijajua kusoma. Nilikuwa nikiuimba yeye akifungua masanduku ya simu na mimi nimeshika tochi.

"Hii nnaijua," akasema. "Simu tu hii."

Nimemwomba aje kunisaidia. Kaniuliza kama shati lake la kazi bado lipo, na kama naweza kulipiga pasi.

Jumatatu, 13 Januari

Baba kazini. Shati la kaki, kalamu mfukoni, kopo lake la vyombo kwapani; kopo la biskuti la zamani, limefungwa kwa waya, bila shaka. Ngazi alipanda kwa kupumzika mara tatu. Wanafunzi wakasimama wote, shikamoo babu, marahaba, marahaba, marahaba. Aliitikia kila mmoja kivyake. Ilichukua muda.

Nimempa chumba cha juu. Kiti, na stuli ya kuwekea miguu. Nikamwonyesha vichwa vile vidogo vya plastiki vinavyovikwa kwenye ncha ya kebo, na koleo ya kuvibana. Mara moja tu nilimwonyesha. Nikamwambia azipange rangi kwa utaratibu, zifike upande wa pili kama zilivyotoka. Akaniangalia kwa juu ya miwani. "Unamfundisha nani?"

Bwana Seif alikuwa ananiita chini. Nikashuka.

Hadi adhuhuri yeye keshafunga ncha tano. Mimi tatu, na moja imenitoka kombo. Kala mkate wa boflo mzima kwa maharage.

Alhamisi, 16 Januari

Nimepima kebo zake kwa kipimo changu cha taa nane, kila waya na taa yake. Taa zote, kila kebo, bila kuruka hata moja. Za kwangu mbili zimenilazimu kurudia. Kazi yake ni safi mno, nyaya zote zimekatwa urefu sawa, ganda limeingia ndani ya kichwa inavyotakiwa. Naona wivu na naona fahari.

Kila anapomaliza ananiita kwa sauti ya kazini, "Fundi!" Nami naitika naam kama kibarua wake.

Jumatano, 22 Januari

Tumemaliza. Kebo saba za ghorofani, ncha kumi na nne, zote mkono wa Baba. Njia ya kandokando ya dari pia kaipanga yeye, akiwa kitini, wanafunzi wakipigilia. Saba za chini ni zangu.

Tumeziunga kwenye habu kuukuu, swichi ya kizamani, polepole lakini zinakwenda. Mwanaidi, ndiye mkali kuliko wote darasani, kaandika salamu chini na kupanda ngazi mbio kuziona zikitokea juu. Zilimtangulia. Darasa zima likapiga kelele. Baba kasimama mlangoni. "Zinasema," akasema, kama alivyokuwa akisema zamani simu ikipata sauti.

Kisha wanafunzi wakamzunguka na yeye akawafundisha. Waya na mwenzake usiwatenganishe. Wamesukwa pamoja, waache pamoja, ukiwatenganisha mazungumzo ya jirani yanaingia ndani. Waliandika. Na mimi nilikaa kwenye dawati la nyuma nikamsikiliza, na nilifurahi. Naiandika siku hii kwa sababu hazinijii nyingi.

Jumatatu, 3 Februari

Swichi mpya zimefika kutoka Dar. Tumeziweka asubuhi. Chumba cha chini kinaruka kama umeme. Ghorofani hakuna kitu. Taa inawaka, inazima, inawaka. Faili dogo linakwama nusu. Kompyuta saba zote, ugonjwa mmoja.

Nitakuwa nimekosea pahala.

Jumatano, 5 Februari

Nimebadilisha swichi. Nimebadilisha kadi za mtandao. Nimezima feni, nimehamisha taa. Nimepima kebo tena, taa zote nane. Hakuna nilichokipata.

Bwana Seif kasimama mlangoni, mikono nyuma, hasemi. Bora angesema. Siku kumi na tisa zimebaki na hapo katikati kuna Idd.

Nimemkaripia Mwanaidi kwa swali la maana kabisa. Nimemwomba radhi, lakini mbele ya watu wachache kuliko waliosikia karipio.

Alhamisi, 6 Februari

Mwanaidi ndiye aliyeona.

Alikiinua kichwa kimoja cha ghorofani dirishani, penye mwanga. Akaenda chini, akarudi na kimoja changu. Akaviweka pamoja mkononi. "Ticha, rangi za juu si kama za chini."

Nikaangalia. Bluu, chungwa, kijani, kahawia. Kila waya na mwenzake, pembeni mwa mwenzake, kama alivyofundishwa na kama alivyonifundisha. Kwenye simu ndivyo. Kwenye mtandao sivyo. Mashine inapokea kwa njia ya tatu na ya sita, kwa hivyo jozi moja, ya kijani, lazima itenganishwe, na bluu wote wawili wakae katikati yao. Baba asingeweza kufanya hivyo. Angejikata mkono kwanza.

Na kipimo changu kinaangalia kama waya umefika tu. Hakiangalii umekwenda na nani. Kwenye habu ya polepole ilipita. Kwenye swichi mpya, kelele za jirani zimeingia ndani, kama alivyosema mwenyewe.

Mpangilio sikumwonyesha. Hilo ndilo. Nilimwambia kwa utaratibu, naye ana utaratibu. Kosa ni langu kutoka juu mpaka chini, na kulirekebisha inabidi nikate mkono wake ncha kumi na nne.

Nimemwomba Mwanaidi afunge mlango, habari isimfikie Baba.

Jumamosi, 8 Februari

Baba kavaa shati lake tangu saa moja, na leo hakuna kazi. Kaniuliza ghorofani kunasemaje. Nikasema salama.

Nikimwambia, anarudi kwenye kile kiti. Namjua. Hatagomba, hatalia. Atasema haya, atakaa, ataangalia ukuta wa jirani, na safari hii hatanyanyuka. Wiki nne anakula. Wiki nne ananitania kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Sikubali kumpoteza kwa ajili ya rangi ya kijani.

Nimemwambia maabara imefungwa mpaka baada ya Idd. Uongo wa pili. Umetoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumatatu, 10 Februari

Nimezikata.

Mwanaidi alishika, mimi nikakata. Kila moja safi, imenyooka, imebanwa sawasawa. Kwenye ya tatu nililia. Mwanaidi akageukia dirisha akajifanya anahesabu vichwa vipya. Mtoto wa watu ana adabu kuliko mimi.

Tumefunga vipya saa tano mfululizo. Ya kwanza tuliyoiunga ikashika palepale. Nilitamani isishike, ili kosa liwe la kitu kingine. Huo ni wazimu lakini ndivyo nilivyoona.

Vipande nimevitia kwenye mfuko wa mchele nikaja navyo nyumbani. Kwenye pipa la chuo vingeokotwa, na aliyeviokota angempelekea Baba. Nimeusukuma chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku.

Jumamosi, 15 Februari

Idd imepita. Baba kavaa kanzu aliyonunuliwa na Mama. Inampwaya mwilini.

Maabara inakwenda yote, juu na chini. Wanafunzi wanafunga, wanakata, wanafunga tena. Nilipaswa kufurahi.

Baba kaniuliza lini arudi. Nikasema wanafunzi wanajifunza wenyewe sasa, apumzike miguu. Akasema haya.

Haya ile ile niliyoiogopa.

Kisha akaomba kebo mita tatu. Chandarua chake kinalegea, kasema. Nimempa. Ningempa roli zima.

Jumanne, 18 Februari

Koleo yangu ya akiba siioni mkobani. Nimegombana na darasa zima, hakuna aliyekiri.

Nyumbani Baba anajifungia chumbani asubuhi nzima. Nikipita nasikia kimya. Kiti cha dirishani hakipo, kakiingiza ndani. Nadhani sasa anauangalia ukuta wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyemrudisha huko, na bila hata kumwambia ukweli. Nimepata hasara zote mbili.

Alhamisi, 20 Februari

Pumzi zinamkatika. Nimempeleka hospitali. Daktari kasema moyo umechoka, kampa vidonge, kasema asipande ngazi, asishughulike.

Tulipokuwa tunangoja dawa alinitolea kipande cha waya mfukoni, kidogo kama njiti ya kiberiti. "Hii bluu au kijani? Macho yangu sasa yanadanganya." Kijani, nikamwambia. Akakirudisha mfukoni. Bado anafikiria chandarua, mtu huyu.

Nilitaka kumwambia pale pale kwenye benchi. Nilifungua mdomo. Akasema, "Nenda kazini wewe, wanafunzi wanakungoja. Mimi nshapona." Nikaenda. Nilifurahi kupata sababu ya kwenda.

Jumatatu, 24 Februari

Mtihani umepita. Ishirini na wawili, wote wamefunga kebo na zote zimeshika, isipokuwa mmoja aliyetetemeka na akapewa nafasi ya pili. Mtahini kaandika kwamba vyumba vibaki vyetu. Bwana Seif kalegeza tai. Sijawahi kumwona shingo.

Mtahini kapanda ghorofani, kaangalia kebo zinavyopita kandokando ya dari, zimebanwa kila shibiri, zimenyooka. Ncha ni mpya lakini njia ile ni ya Baba, sikuigusa. Akauliza nani kazipitisha. Bwana Seif akasema idara. Nikanyamaza. Ningemtaja Baba ningeulizwa zaidi, na Mwanaidi alikuwa ananiangalia.

Naona kama Mwanaidi bado ananiangalia, hata sasa ninapoandika.

Nimerudi Kikwajuni saa kumi na moja nikiwa nimeamua. Namwambia yote, kosa langu, kipimo changu, mfuko chini ya kitanda. Nimemkuta amelala, mkono chini ya shavu. Sikumwamsha. Kesho.

Jumatano, 26 Februari

Baba alifariki jana baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa bado kwenye mswala. Nilidhani anasoma uradi.

Wanaume walimchukua adhuhuri. Mimi nilibaki ndani na wanawake. Nilisikia sauti zao mpaka zilipokunja njia.

Jumamosi, 1 Machi

Hitma imesomwa jana. Shangazi Rukia kaja kutoka Bwejuu, yeye ndiye anayepika, mimi natazama. Leo kasema vitu vya marehemu vigawiwe, visikae vikanitesa. Nguo tumemaliza. Nikabaki na kopo la biskuti.

Nimefungua waya wake. Juu kabisa ipo koleo yangu ya akiba.

Chini yake upo mfuko wa mchele. Umekunjwa vizuri, mara nne. Ule wangu. Nimekwenda kuangalia nyuma ya sanduku, kama mjinga. Hapakuwa na kitu.

Alikuwa anatafuta waya. Hakuna zaidi ya hapo. Mtu anayetafuta waya wa kufungia chandarua, katika nyumba ambayo haijawahi kutupa waya, kaangalia chini ya kitanda. Au kaniona nikiingia nao. Na ncha zile angezijua kwa kidole, gizani, kuwa ni zake. Wote tulikuwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile.

Ipo karatasi, imenakiliwa kutoka daftari langu la masomo, kwa mwandiko wake ulioinama. Rangi nane kwa mpangilio mpya. Penye bluu kati ya kijani kapiga mstari chini, mara mbili, na kalamu imetoboa. Pembeni hakuandika neno. Nimeigeuza mara nyingi. Hakuna neno.

Na vichwa. Vile vya zamani, vilivyokatwa, kavifungua kimoja kimoja kwa sindano, kavitoa waya, kavifanyia mazoezi. Vingine vimepasuka. Kimoja kijani imeingia kwenye bluu. Kimoja kimerudi kwenye mpangilio wa simu kabisa, nadhani mkono ulimponyoka. Kavipanga kwa mstari ndani ya kitambaa, cha kwanza mpaka cha mwisho, kama anavyofanya mtoto wa skuli anayetaka mwalimu asahihishe.

Mwisho ipo kebo ya mita tatu. Ncha moja imefungwa, kwa kichwa kipya, mpangilio mpya, sawasawa. Ya pili imemenywa tu. Waya nane zimenyooshwa na kupangwa, zimeshikwa kwa pini ya nguo zisirudi nyuma. Kijani wametenganishwa.

Alikuwa anajiandaa kurudi kazini. Nami nilimwambia apumzike miguu.

Sijui kama alikasirika. Sijui kama alicheka. Alikaa na mimi mezani wiki mbili akanywa chai yangu na hakusema. Nilimwogopea bure. Nilidhani atavunjika, na yeye alikuwa chumbani anajifunza, macho yanamdanganya, pumzi hazimtoshi, ananiuliza kwenye benchi la hospitali hii bluu au kijani. Ningemwambia siku ile ile ya tarehe sita tungefunga pamoja zile kumi na nne. Hilo silisamehe.

Shangazi kaniuliza kopo apewe nani. Nimesema hapewi mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kazini. Darasa wamesimama wote. Mwanaidi kanipa mkono wa pole.

Kabla ya kipindi nimepanda ghorofani na ile kebo. Nimetoa pini. Waya zimekaa zilivyo, hazikusogea. Nimevika kichwa, nimebana. Kupanga alikuwa ameshapanga.

Nimepima. Taa nane.

Nimeiunga kwenye kompyuta ya saba, pale penye kiti chake na stuli. Swichi imewasha taa ya kijani, na haikuzima. Nimekaa pale kidogo.

Saa nne wanafunzi wameingia, na nimewafundisha jozi ya kijani inavyotenganishwa, na kwa nini.